Kabla hujakabidhiwa pikipiki, pima masikio

Umeuliza habari za mgongo, glavu na buti kwa askari anayehamia kikosi cha pikipiki, halafu katikati umepenyeza kwamba kipimo cha masikio utakiruka, maana umeambiwa si lazima na helmeti inatosha. Mkuu, usikiruke! Maneno hayohayo niliambiwa na mkufunzi wangu, nikayaamini, na leo masikio yangu yanalia usiku kucha.

Helmeti inakinga fuvu. Kelele za upepo haizizuii. Upepo unaigonga, unazunguka shingoni na kuingilia chini ya kidevu. Ukivuka kilomita 65 hivi kwa saa, upepo unaizidi injini. Ukifika 100, humo ndani kelele ziko kwenye desibeli 95 na zinapanda. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: desibeli 100 ni dakika 15. Doria gani ya barabara kuu inaisha kwa dakika 15? Na hapo hujawasha king'ora, wala hujapandisha redio ili iushinde upepo.

Uziwi huu unakuja kimyakimya. Zinatangulia kupotea sauti nyembamba, za hezi 4,000 hivi, zinazobeba s, t na f. Unasikia kwamba mtu anaongea, ila hushiki anachosema. Mimi nilianza kuchanganya namba za magari redioni: kituo kinasema sita, naandika tisa. Wenzangu wakadhani ni uzembe. Na chembe za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni fidia. Nilipodai, nikaulizwa: usikivu wako ulikuwaje kabla ya kupanda pikipiki? Karatasi sina, kwa sababu mkufunzi yuleyule alituambia kipimo kile ni kupoteza muda. Wakasema huenda ni umri, huenda ni muziki, na faili likafungwa. Mtu anayewaambia vijana maneno hayo anastahili kuwajibishwa, na sitachoka kulisema.

Utaambiwa pia kwamba vizibo vya masikio vitakunyima redio. Si kweli. Vinashusha upepo na redio kwa pamoja, na ukiwa kwenye kasi maneno yanasikika vizuri zaidi. Vile vya sponji visokote mpaka viwe vyembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole mpaka sponji ivimbe. Kikibaki kimechungulia nje, hakijaingia.

Glavu nunua nzuri, lakini zisikudanganye: mtetemo wa usukani unapita. Vidole vikianza kufa ganzi, au kuwa vyeupe kwenye baridi, ripoti siku hiyohiyo na iandikwe.

Sasa nenda kaombe kipimo cha usikivu kabla hujasaini kupokea pikipiki, na udai nakala ukae nayo nyumbani, isibaki kwenye faili la ofisi peke yake. Wakikukatalia, omba wakatae kwa maandishi. Ukishaipata hiyo nakala, rudi hapa utuambie.