Shafti ikikatika, angalia kona kabla ya kulaumu chuma

Mwenye mashine ya kusaga aliniletea shafti iliyokatika, nikamkerezea nyingine kwa chuma kigumu zaidi, kona ya nyuzi 90 imenyooka kama ya kabati. Nilijivunia kona ile. Haukupita msimu, akarudi nayo vipande viwili. Imekatika palepale, unene unaposhuka kutoka milimita 50 hadi 40, mahali pa beringi.

Mzee wa karakana hakuuliza habari za chuma. Alifuta mafuta kwa tambara, akanigeuzia uso uliokatika. Sehemu kubwa ilikuwa laini, ina mistari iliyopinda kama ya ganda la kome. Upande mmoja tu ndio ulikuwa na chengachenga. "Hii haijakatika jana, mwanangu. Imeanza kwenye kona yako, ikawa inajipasua kila ikizunguka. Jana imemalizia tu."

Baadaye nikakuta hesabu za jinsi mkazo, yaani nguvu inayolemea kila sehemu ya chuma, unavyojikusanya penye kona na matundu. Tundu la duara kwenye bamba pana linalovutwa huzidisha mkazo ukingoni mara 3. Mhandisi Kirsch alilionyesha hilo mwaka 1898. Mwaka 1913 mhandisi mwingine, Inglis, akapiga hesabu ya tundu lililobanwa kama ufa: milimita 10 toka katikati hadi nchani, ncha ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 0.1, mkazo pale unafika mara 21. Na chuma kigumu ndicho kisichosamehe.

Siku hizi kisu cha kukerezea nakinoa ncha ya mviringo, kona naiachia nusu kipenyo cha milimita 4. Kuna kero yake: beringi inagota kwenye ule mviringo kabla haijakaa. Natanguliza pete iliyopunguzwa ukingo wa ndani, beringi inaegemea hapo. Halafu msasa, maana mkwaruzo wa kisu nao ni kona, hata kama ni mdogo.

Ufa kwenye chesesi usiuchomelee kabla hujajua unaishia wapi. Paka mafuta ya taa, futa, nyunyiza unga wa chaki, subiri. Mafuta yatachora mstari. Toboa tundu la duara mbele kidogo ya ncha yake, ufa ukifika hapo ukute mviringo badala ya ncha kali.

Kosa langu jingine lilikuwa kiraka. Nilichomelea bamba nene la mraba kwenye bodi jembamba la lori, likapasuka pembeni mwa bamba, likianzia kwenye pembe. Mshona nguo yeyote angeniambia: ukitia kiraka cha jinzi kwenye shati kuukuu, shati linachanika kando ya kiraka.

Yule wa mashine bado anakuja. Safari hii ni mkanda.