Filamu za Ziwa zinakwamia masikioni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: filamu zinazopigwa Mwanza zinaongezeka, mbona hazivuki kwenda kununuliwa nje ya Kanda ya Ziwa? Wengi watataja mtaji na waigizaji. Mimi nataja sauti. Picha nzuri siku hizi hata simu inatoa, lakini sauti bado haina njia ya mkato.

Enzi za kanda na DVD, mzigo ukipita kwa wasambazaji wa Kariakoo, mteja alinunua sura iliyoko kwenye kava. Maneno yasiposikika, prodyuza aliyafunika kwa kinanda tangu mwanzo hadi mwisho, na ugonjwa huo tunao mpaka leo. Mnunuzi wa sasa ni chaneli ya televisheni au mtandao wa filamu, na hapo kuna mtu wa kukagua faili kabla ya malipo. Netflix wanataka mazungumzo yasome wastani wa -27 kwenye LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, yasipande wala kushuka zaidi ya 2. Wanunuzi wa nje pia hudai mazungumzo yawe njia yake, yaani rekodi inayojitegemea, muziki na milio njia nyingine. Tamthilia za Kituruki tunazozitazama kwa Kiswahili zinawezekana kwa sababu hiyo: inatolewa sauti ya Mturuki, milio ya mlango na farasi inabaki. Kwenye filamu zetu ukimtoa anayesema, kila kitu kinaondoka naye.

Sasa tushuke ufukweni. Jua likishapasha nchi kavu, mchana upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na sponji inayokuja na maiki haiuzuii. Unahitaji kifuniko cha manyoya, pamoja na kichujio cha sauti nzito kilichowekwa hezi 80. Hata hivyo dawa kubwa ni ratiba: sini za kuongea ufukweni zianze mara jua linapotoka na ziishe kufika saa 4.

Ila asubuhi hiyohiyo ndiyo saa ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Pale Kirumba mitumbwi inashusha, madalali wanapiga kelele, mikokoteni inapita, na juu kunguru hawanyamazi. Ukisimamisha waigizaji wawili katikati wazungumze, utarudi na picha ya kupendeza na maneno yasiyosikika. Gawanya sini. Mwaloni piga picha za mbali na za mikono, watu wakitembea bila kuongea, na wakati huohuo mtu wa sauti arekodi soko peke yake kwa dakika 5 au zaidi. Maneno yapige kwenye ufuko tulivu wenye mawe na maji yanayofanana na yale, kamera ikiwa karibu. Edita ataviunganisha, na soko litasikika kwa kiwango anachotaka yeye. Kibali cha Bodi ya Filamu hakikuondolei wajibu wa kuongea na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi, wa mwalo husika. Wao ndio wanaojua mitumbwi inaingia saa ngapi.

Mtumbwi nao una kanuni yake. Sini ya kuongea majini hupigwa injini ikiwa imezimwa, mtumbwi umeshikwa kwa kamba nje ya fremu. Mlio wa injini unarekodiwa kando: kuwaka, kwenda, kuzima. Na wanaoandika skripti wakumbuke kwamba taa za kuvulia dagaa huonekana usiku wa giza. Mwezi mpevu ukiwa juu wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika, kwa hiyo mbalamwezi kubwa na taa zilizotapakaa ziwani kwenye fremu moja itawachekesha watu wa Ukerewe.

Maiki ya bumu, ile ya kwenye mti mrefu, ikae nusu mita hadi mita 1 kutoka mdomoni. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inapungua kama desibeli 6, na mwangwi wa majabali yetu unachukua nafasi yake. Rekodi kwa kilohezi 48, biti 24. Kwenye mita ya rekoda maneno yasome kati ya desibeli -18 na -12, vilele visipite -6. Yakigonga 0 sauti inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Mwenye rekoda avae hedifoni muda wote. Wengi huzivaa shingoni.

Ndani ya nyumba adui ni bati. Mvua za Oktoba hadi Desemba na za Machi hadi Mei zinafuta siku nzima ya kazi, kwa hiyo panga sini za ndani Juni hadi Agosti. Friji izimwe, na funguo za gari ziwekwe ndani yake, ili mtu asiondoke akasahau kuiwasha na samaki wa mwenye nyumba wakaharibika. Jenereta likae mita 50 au zaidi, nyuma ya ukuta, kwa waya wa milimita za mraba 2.5 uliokunjuliwa wote. Ukibaki umejiviringa kwenye gurudumu lake unachemka. Kabla ya kufungasha, wote wanyamaze dakika 1 rekoda ikiendelea. Ukimya wa chumba kile ndio kiraka cha edita.

Kuna wanaosema maneno yatarudiwa studio. Yanarudiwa, lakini mwigizaji ameshapoa, midomo haiendani, na mzee wa Kisukuma aliyesema vizuri barazani kwake anaanza kusoma kama mtangazaji. Na studio nayo lazima ilipwe.

Kuhusu fedha, mimi ningetenga shilingi 15 katika kila 100 za bajeti kwa sauti, kuanzia kurekodi hadi kuchanganya, pamoja na mkataba wa maandishi na mwenye muziki, kwa sababu chaneli itauliza haki. Anayekukodishia kamera huenda ana bumu na rekoda pia. Ulizia zote kwa bei moja kabla hujalipa kianzio, na zijaribu palepale dukani kwa hedifoni yako mwenyewe.