Kabla Hujakata Mgongo wa Jarida la Zamani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji aliyerithi kwa mjomba wake makasha manne ya majarida ya wakusanyaji wa mashine za kale za michezo na kamari zinazoendeshwa kwa sarafu, majarida yaliyokoma kuchapishwa zamani. Aliuliza kama akate migongo yake ili kurasa zipite haraka kwenye skana, ahifadhi makala, na yaliyobaki ayatupe. Swali hilo lilinichoma, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo, na majuto yake hayajaniisha.

Nilikuwa na majarida thelathini na saba. Nilikata migongo yote kwa jioni mbili, nikaskani makala kwa ubora wa chini ili faili ziwe nyepesi, na kurasa za matangazo madogomadogo na barua za wasomaji nikazitia kwenye pipa la taka. Nilijiona mtu mwenye mpango, kwani rafu ilikuwa tupu na maktaba yangu yote ilienea kiganjani.

Baadaye nilianza kuifufua mashine ya kamari ya Mills, kampuni ya Chicago. Mashine nyingi za Mills za miaka ya 1930 zina kidirisha kinachoonyesha sarafu za mwisho zilizotumbukizwa, ili mwenye duka amtambue anayecheza kwa sarafu bandia. Kwenye mashine yangu, kipande kinachozisogeza sarafu hizo kilikuwa kimeng'olewa. Nilikumbuka wazi kwamba nimewahi kuona tangazo la fundi aliyekuwa akivitengeneza vipande vya aina hiyo, likiwa na picha ya mtambo uliotolewa nje ya kasha lake. Nilifungua faili zangu. Ukurasa wa 18 ulifuatwa na ukurasa wa 23, na hapo nikaelewa nilichokuwa nimefanya.

Sitasimulia miezi iliyofuata. Inatosha kusema kwamba mzee mmoja mkusanyaji, baada ya kunihoji kwa kina, alikubali kuniazima seti yake nzima. Tangazo lilikuwamo, upana wake haukuzidi vidole vitatu. Kutu ya pini ilikuwa imechora duara la kahawia kwenye ukingo wa picha, lakini chini ya lenzi kipande changu kilionekana chote: meno yake, tundu la skrubu, na upande ambao springi hushikia. Fundi wa vyuma alinichongea kingine kwa kufuata picha hiyo. Mwezi uliopita nilivuta mkono wa mashine, magurudumu matatu yakasimama moja baada ya jingine, na sarafu ikasogea kidirishani kama ilivyokusudiwa. Nasema bila kuficha kwamba najivunia kazi ile.

Ndiyo maana nasisitiza: usikate, na usichague. Kwamba kampuni ya Gottlieb ilitoa Baffle Ball, mashine ya mchezo wa mpira (pinball), mwaka 1931, au kwamba vibao vya kurudishia mpira vilianza na Humpty Dumpty yao ya mwaka 1947, hayo utayapata popote. Lakini nani alikuwa akitengeneza upya vyuma vya kumimina, namba gani ya mfululizo ilikutwa kwenye mashine gani, rangi gani ilikuwa ya kiwandani, hayo yamo kwenye barua na matangazo. Mwaka 1951 sheria ya Johnson ilizuia nchini Marekani kusafirisha mashine za kamari kwenda majimbo yasiyoziruhusu, na mashine nyingi zilizokamatwa na polisi ziliishia kupondwa kwa nyundo. Kwa baadhi ya aina, karatasi ndiyo shahidi aliyebaki.

Fungua pini kwa ncha ya kisu chembamba, usizivute. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili maandishi ya upande wa pili yasipenye. Skani jalada hadi jalada, nukta 600 kwa inchi penye picha, na utunze nakala kuu ya TIFF (faili ya picha yenye ubora kamili) kando na ile ya PDF utakayowagawia watu.

Kuhusu kugawa, nilikosea pia. Niliwasambazia wenzangu seti niliyoazimwa kabla ya kumwomba mtu yeyote ruhusa, nikidhani jarida lililokufa halina mwenyewe. Binti wa mhariri aliniandikia barua fupi, isiyo na tusi hata moja, na ilinitia aibu kuliko ambavyo tusi lingenitia. Majarida ya Marekani ya miaka ya 1970 hadi 1977 yaliyochapishwa na alama ya hakimiliki hulindwa kwa miaka 95. Tena, mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya Tasini, kwamba wachapishaji hawawezi kuziweka makala za waandishi wa kujitegemea moja moja katika hifadhi za kielektroniki bila idhini yao. Hiyo ni sababu nyingine ya kutolichambua jarida vipande vipande. Nilimwomba radhi, naye akaniruhusu kwa sharti moja: nakala zisiuzwe. Muda si mrefu mtu alifuta maelezo ya ruhusa ya binti huyo na kuziuza nakala hizo kwenye diski. Ni mimi niliyelazimika kumweleza binti yule, na jeraha hilo bado bichi. Andikeni barua kwa warithi kwanza, ndugu zangu, na masharti yao yaandikwe ndani ya kila faili, si kwenye ukurasa wa mwanzo pekee.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniandikia, anza na kasha linalonuka unyevu, maana hilo halitakungoja. Zianike kurasa kivulini, si juani. Na ukikuta mjomba wako ameandika kwa penseli pembeni mwa tangazo bei aliyolipa au jina la mashine aliyoikosa, usifute; liskani kama lilivyo.