Bamia, komamanga na parachichi kwa magoti yaliyosagika: kipi kinafika kwenye gegedu?

Mleta mada ameuliza hivi: mama yake ana miaka 62, eksirei imeonyesha magoti yamesagika, na mtaani ameambiwa anywe maji ya bamia, juisi ya komamanga na unga wa kokwa la parachichi ili "ute urudi". Anataka kujua kipi kinafanya kazi.

Naanza na bamia kwa sababu ndiyo inayopoteza watu wengi. Ule utelezi wake ni nyuzi lishe zinazoyeyuka kwenye maji. Ukiumeza unashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, basi. Hauingii kwenye damu ukiwa ute, na hauna njia ya kwenda gotini. Ute wa goti unatengenezwa humo humo, na utando unaozunguka jointi kwa ndani. Tena eksirei haionyeshi ute kabisa. Kinachoonekana ni nafasi kati ya mifupa imepungua kwa sababu gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika. Goti la namna hiyo mara nyingi hujaa maji kupita kiasi, kwa hiyo kusema "ute umeisha" ni kupotosha wagonjwa. Mama aendelee kula bamia kama mboga, inasaidia choo, lakini asiitegemee kwa goti.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chembe zake hai (seli) hupata chakula kutoka kwenye ute wa jointi, na ute huo husukumwa ndani na kutoka nje mtu anapokanyaga na kuachia, kama sifongo inavyominywa. Goti likiwa na uvimbe wa ndani, chembe hizo hupokea ishara inayoitwa interleukini-1 na kuanza kutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni, protini inayoshikilia gegedu. Yaani gegedu linajila lenyewe. Hapo ndipo komamanga linapoingia.

Mwaka 2005 watafiti wa Case Western Reserve University, Marekani, walichukua chembe za gegedu za wagonjwa, wakazichokoza kwa interleukini-1, kisha wakaziwekea kimiminika kilichokamuliwa kutoka kwenye komamanga. Vimeng'enya vya kukata kolajeni vikapungua. Habari hiyo ndiyo inayozunguka hadi leo ikisema komamanga "linatibu". Ila ile ilikuwa maabara, ndani ya vyombo vya kioo. Tumboni mambo ni tofauti: polifenoli (kemikali ya mimea) kubwa ya komamanga, punikalajini, haipiti nzima kwenda kwenye damu. Bakteria wa utumbo huivunja na kutengeneza urolithini, kemikali ndogo zinazoweza kuingia kwenye damu, na si kila mtu ana bakteria hao. Huenda ndiyo maana wawili wanakunywa juisi ileile, mmoja anapata nafuu na mwingine haoni kitu.

Kwa binadamu kuna jaribio dogo la Iran, watu 38, waliopewa mililita 200 kwa siku kwa wiki 6. Ukakamavu wa goti, yaani kukaza kwake, ulipungua na shughuli za kila siku zikawa nyepesi. Kasoro yake ni kwamba kundi la kulinganisha halikupewa kinywaji cha mfano kisicho na komamanga, kwa hiyo waliokunywa walijua wanakunywa nini. Mimi naliona komamanga kama jambo la kujaribu, si la kuahidi.

Ukijaribu, fanya hivi. Kata kichwa cha tunda, chora ganda kufuata mikunjo yake, lipasue ndani ya bakuli la maji: punje zinazama, ngozi nyeupe zinaelea. Weka punje kwenye blenda, bonyeza mara mbili au tatu tu, sekunde tano kila mara, kisha chuja. Ukiiacha isage mfululizo, mbegu zinavunjika na juisi inakuwa chungu yenye mchanga. Tumia kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Tanini, zile kemikali za tunda zinazokaza ulimi, zikikutana na sufuria ya chuma cha kawaida juisi inageuka nyeusi. Usiongeze sukari. Mililita 200 tayari zina sukari ya asili kama gramu 25, karibu vijiko sita vya chai. Mwenye kisukari ale punje zenyewe, kiganja kimoja, apate na nyuzi lishe. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma aache saa mbili katikati, maana tanini hushika chuma. Na asichemshe magome ya mzizi wa mkomamanga. Yana alkaloidi zenye sumu.

Parachichi lina ushahidi mzuri kidogo, ila si kwa njia ya kokwa. Kilichopimwa ni sehemu ndogo ya mafuta ya parachichi na soya ambayo haigeuki sabuni, kwa vidonge vya miligramu 300 kwa siku. Jaribio la Ufaransa la miaka mitatu kwa wagonjwa wa nyonga lilionyesha kwamba kwa wastani nafasi ya jointi ilipungua sawasawa kwa waliomeza vidonge hivyo na waliopewa vya mfano visivyo na dawa, ingawa waliozorota haraka walikuwa wachache zaidi kwa waliomeza dawa. Unga wa kokwa ni kitu kingine kabisa, na kipimo hicho hukifikii kwa kula matunda.

Vitamini C inahitajika kutengeneza kolajeni, na komamanga lina kidogo. Pera moja la wastani, likiliwa bichi, linatosha kwa siku nzima. Kumeza vidonge vikubwa juu yake hakuongezi faida.

Angalizo la dawa, kwa sababu si kila tunda ni salama kwa kila mtu: balungi huongeza nguvu ya nifedipini (dawa ya presha) na simvastatini (dawa ya kolesteroli) mwilini, na watu wengi wa umri wa mama wanatumia mojawapo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya kuanza juisi ya komamanga kila siku.

Kabla ya kuanza, pimeni. Mama akae kwenye kiti cha kawaida, mikono kifuani, mhesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Andikeni pia dakika za ukakamavu anapoamka. Rudieni baada ya wiki 6. Namba zikiwa zilezile, acheni kutumia hela huko. Wakati huohuo anyooshe goti akiwa ameketi, ashikilie sekunde 5, mara 10, seti tatu kwa siku. Kila kilo anayopunguza inaondoa kama kilo nne kwenye goti kwa kila hatua, na hakuna tunda linalofikia hapo.

Ukakamavu wa asubuhi ukizidi nusu saa, huenda si kusagika tu, apimwe baridi yabisi. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.