DNA ya mkorosho inatoka na rangi ya chai

Swali: Shikamoo Dokta. Nasoma shahada ya uzamili. Nataka kutumia alama za SSR (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) kuhakikisha kama miche 40 ya mikorosho ya kubebesha ni ya aina moja kweli. DNA ninayopata ina rangi ya chai ya rangi, na baada ya PCR (kunakili DNA kwa mashine) jeli haionyeshi mstari hata mmoja. Mwenzangu anasema nihamie RAPD, njia nyingine ya alama za DNA. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Usihame. Praima za RAPD, yaani vipande vya DNA vinavyoanzisha kunakili, ni fupi, herufi 10 tu, kwa hiyo hushika ovyo. Ukibadili mashine au chupa ya kimeng'enya kinachonakili DNA, mistari nayo inabadilika. Isitoshe, kinachoua PCR yako sasa kitaiua na hiyo RAPD.

Hakikisha kwanza. Tafuta DNA ambayo PCR yake inakubali siku zote, hata ya mahindi, pamoja na praima zake. Andaa tyubu mbili, na moja uiongezee mikrolita 1 ya DNA yako ya mkorosho. Ile safi ikitoa mstari na yenye mchanganyiko ikakaa kimya, mchawi umemjua: kuna uchafu unaokizuia kimeng'enya. Zimua DNA yako mara 10, kisha mara 50, ujaribu tena. Mara nyingi hapo tu mistari inajitokeza, bila kununua chochote.

Aliyewahi kudondoshewa maji ya bibo kwenye shati jeupe hatashangaa rangi hiyo. Mkorosho umejaa polifenoli, kemikali za mimea. Ukisaga jani, zinakutana na hewa, zinageuka kahawia na kung'ang'ania DNA. Kwa hiyo chuma majani machanga, yasage kwa naitrojeni ya kimiminika hadi yawe unga, na unga huo usiyeyuke kabla ya kuingia kwenye mchanganyiko wa CTAB (aina ya sabuni ya kutolea DNA). Mchanganyiko wenyewe uwe na CTAB asilimia 2, chumvi molari 1.4 na PVP (inayonasa polifenoli) asilimia 2. Mekaptoethanoli, inayozuia kugeuka kahawia, itie siku hiyohiyo, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Weka kwenye nyuzi 65 kwa nusu saa hadi saa moja. Osha kwa klorofomu na isoamili, 24 kwa 1, mara mbili. Unapovuta maji ya juu, bakiza kidogo. Uroho wa mikrolita 50 za mwisho ndio unaorudisha uchafu wote.

Ukipima usafi wa DNA kwa mwanga, wanafunzi wengi huangalia uwiano wa 260/280 (dalili ya protini), wakiona 1.8 wanafurahi. Wewe tazama na 260/230 (dalili ya uchafu mwingine). Ikikaa chini ya 1, bado ni chafu. Tafuta karibu na 2.

Jambo jingine: jeli ya agarosi ya kawaida haitakutenganishia vipande vya SSR vinavyopishana herufi 2, na miche miwili tofauti itaonekana pacha. Tumia jeli ya poliakrilamaidi, au peleka kwenye mashine ya kapilari.

Anza na miche 4, na tyubu moja ya maji matupu badala ya DNA. Hiyo 36 iache kwenye friza kwanza.