Kizibo kisichong'oka

Juma hili mmetuuliza ni kifaa gani cha baiskeli tunachojitengenezea wenyewe, na kama kweli kinafaa au tunabana matumizi tu. Changu ni vizibo vya ncha za usukani, vile viduchu vinavyoziba mdomo wa bomba kila upande. Hudondoka bila mtu kujua, na mwenye baiskeli akija kushtuka anakuta tundu tupu. Wengi huliacha hivyo hivyo. Mimi siliachi, na sababu yake inatangulia msumeno na tupa.

Bomba lililo wazi ni kama kitoboleo cha ngozi: duara la chuma lenye ukingo mwembamba. Mtu akianguka, gurudumu la mbele hugeuka, ncha moja ya usukani ikagota chini na ya pili ikamlenga tumboni. Madaktari wa watoto wanalijua sana jeraha hili. Kwa nje unaona alama ndogo ya mviringo, pengine hata ngozi haikuchanika, kumbe ndani ini, wengu au kongosho limeumia, na dalili zenyewe huenda zikachelewa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana wakaguzi wa mashindano huikataa baiskeli yenye ncha wazi. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, nacho kinataka kizibo kistahimili kuvutwa kwa nguvu ya nyutoni 70, yaani kama uzito wa kilo 7. Nami vyangu huvipima kwa hilo hilo, uzuri baadaye.

Pima kwanza upana wa tundu kwa ndani. Kwa nje bomba la usukani wa kawaida huwa milimita 22.2, na ule uliopinda wa baiskeli za mashindano 23.8, lakini ndani hutegemea unene wa chuma, kwa hiyo usikisie.

Njia nyepesi ni kizibo cha mvinyo, kile cha gome la mti. Kabla hakijaingia chupani huwa na upana wa milimita 24 hivi. Kichemshe dakika chache kilainike, kichonge kidogo kwa msasa upande mmoja, kisha kisukume huku ukikizungusha. Gome hili lina tabia ya ajabu: ukilibana kwa mbele halitanuki ubavuni, basi linaingia bila ubishi. Mpira ni kinyume chake. Ukiusukuma unavimba na kukwama njiani. Ukiuvuta unakonda na kutoka. Kwa hiyo kipande cha mpira kilichosokomezwa tu, hata kikiwa kimebana namna gani, sikiamini. Kama usukani umefungwa utepe, kunjia mwisho wa utepe ndani ya bomba kabla ya kizibo. Unaziba nafasi iliyobaki na wenyewe haufunguki.

Mbao hupendeza kuliko vyote, nami nakiri kuwa kizibo cha mninga kilichopakwa mafuta kinavutia macho. Ila mbao hunywa unyevu ikavimba, ikikauka husinyaa, na hapo ndipo hulegea. Ukiipenda, ipasue kidogo kwa msumeno upande wa nje na uchomeke kabari nyembamba, iwe inatanuka kadiri unavyoigonga.

Ninachokitegemea ni cha bolti. Chukua bolti ya milimita 6 yenye kichwa bapa cha mviringo, washa (kile kisahani chenye tundu katikati) pana ya kukaa nje, kipande cha mpira mnene wa bomba la maji kama sentimita 2 au 3, washa ndogo inayopita ndani ya tundu, na nati. Vipange kwa mfuatano huo. Ukikaza bolti, mpira unabanwa kutoka pande zote mbili, na kwa kuwa haukubali kupungua ujazo wake, hutuna ubavuni na kung'ang'ania chuma. Kuna jambo moja linalowashinda wengi: wakikaza, nati nayo inazunguka, na hakuna kinachobana. Dawa yake ni kukaza kidogo ukiwa bado nje, mpaka mpira uwe unaingia kwa kusukumwa kwa nguvu. Hapo unakamata ukuta wa bomba, nati inatulia, na kila mzunguko wa ufunguo unausikia mkononi ukizidi kuwa mzito. Kichwa cha bolti kikitokeza, gundisha juu yake kipande cha tyubu nene. Kwa usukani wa kaboni njia hii iache kabisa, kwa sababu bomba linaweza kupasuka. Tumia kizibo cha mvinyo.

Faida ya ziada ni kwamba maji hayaingii kutia chuma kutu, na mavu hawapati pa kujengea, maana wale wadudu wakiona tundu hawalipiti.

Baiskeli ya mtoto huwa na mpira wa kushikia uliozibwa mwishoni, na mzazi huridhika. Uchunguze. Baiskeli ikilazwa chini kila siku, ukingo wa bomba huukata mpira huo taratibu kutoka ndani, mpaka chuma kikachungulia. Ukinunua mipira mipya, tumbukiza ndani ya kila mmoja washa pana kuliko tundu la bomba kabla ya kuuvalisha, ikae kati ya ukingo wa chuma na mpira.