Mguu wa Kulia Unaochoka Kabla ya Wimbo Kwisha

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa Umoja, Nairobi, na huu ni mwezi wa nne tangu nianze kupiga dramu kanisani. Mikono inaendelea vizuri, lakini mapambio yanapopamba moto mguu wa kulia hukaza, muundi huuma, na panapotakiwa mapigo mawili ya haraka kwenye dramu kubwa, la pili halisikiki. Anayenifundisha anataka kisigino kibaki chini, ilhali wenzangu wananiambia nikiinue. Nimfuate nani? Huwa nakalia kiti cha plastiki, na nyumbani, ghorofa ya tatu, sina dramu.

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na kiti, kwa maana nashuku nusu ya maumivu yako inatoka hapo. Viti vya plastiki vya kanisani ni vifupi kwa kazi hii, na ukingo wake wa mbele hubana paja kwa chini, hivyo kila ukikanyaga pedali, yaani kikanyagio cha dramu kubwa, unapigana na kiti kabla ya kuifikia dramu. Tafuta stuli itakayoyaacha mapaja yateremke kidogo kutoka nyongani hadi gotini, kisha ukae karibu na ukingo ili mguu uwe huru. Tazama pia sakafu. Kwenye vigae dramu kubwa husogea mbele polepole, nawe bila kujua hunyoosha mguu kuifuata wimbo mzima. Itandikie zulia na uikaze miguu yake ya chuma.

Kuhusu kisigino, mwalimu wako hajakosea, wala wenzako. Kisigino kikiwa chini, kinachouinua wayo baada ya kila pigo ni msuli wa mbele ya muundi, ambao kwa mtu anayeanza huchoka upesi wimbo ukienda kasi, na huko ndiko kuuma unakokusikia. Kikiinuliwa kidogo, kiasi cha vidole viwili tu, uzito wa mguu wenyewe husaidia kupiga na sauti hunenepa. Ningekushauri ukiache chini katika nyimbo za taratibu na katika mazoezi ya miezi hii, kwa sababu hapo ndipo kifundo hujifunza utiifu, kisha ukiinue mapambio yanaposhika kasi.

Lile pigo la pili linapotea kwa sababu nyingine, nami naomba uizingatie kuliko yote niliyosema. Ukishapiga la kwanza, unaiacha nyundo ya pedali, kile kijiti chenye kichwa kinachoigonga dramu, imegandamana na ngozi ya dramu, na nyundo ambayo haijarudi haina umbali wa kupigia tena. Mpiga dramu wa Marekani William F. Ludwig alipounda pedali yake huko Chicago mwaka 1909, alitaka chombo chepesi kitakachofuata kasi ya ragtime, muziki wa Kimarekani uliovuma enzi hizo. Pedali nzuri ni ile inayorudi, na mguu wako unatakiwa kuiruhusu. Jaribu hivi: weka metronomu ya simu, ile programu inayolia kuhesabu mwendo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, piga mara moja, kisha hesabu hadi nne huku ukiitazama nyundo. Ikiwa imeachana na ngozi na inacheza-cheza hewani, umepiga vizuri. Ikiwa imetulia juu ya ngozi, legeza kifundo na urudie, bila kuongeza nguvu. Siku utakapopata mapigo kumi mfululizo yaliyorudi, piga kwenye kila hesabu, halafu mawili katika kila hesabu, na usipandishe metronomu zaidi ya mapigo manne au matano kwa dakika kila mara. Usikimbilie kuikaza springi ya pedali, kwani springi ngumu mno humchosha anayeanza.

Nyumbani huhitaji dramu. Kaa kwenye kiti cha urefu unaofaa, weka mto mgumu au blanketi lililokunjwa mara kadhaa chini ya wayo, na jirani wa ghorofa ya pili hatasikia kitu. Chagua wimbo wa benga wa mwendo wa wastani ambao dramu yake kubwa inalia kwenye kila pigo, uufuate kwa dakika kumi, asubuhi au jioni, kila siku. Msuli ukichoka, pumzika kidogo kisha uendelee. Lakini ukisikia maumivu makali kwenye muundi au kifundoni, acha kwa siku hiyo, na yakidumu muone daktari.